Msako wa misimbo: ninavyofundisha trigonometria chini ya mnazi

Mara ya kwanza nilipojaribu mchezo huu wa kufundisha trigonometria, yaani hesabu za pembe na pande za pembetatu, nilibandika karatasi kumi kuzunguka uwanja wa skuli yetu hapa Likoni, kila moja ni kituo chenye msimbo wa QR, ule mraba wa vidoti unaosomwa na kamera ya simu, wa kufungua ukurasa wa intaneti wenye swali. Hata kituo cha tatu hatujafika, simu mbili zimeishiwa bando na ya tatu inazungusha tu. Wanafunzi wa kidato cha pili wamesimama juani saa tano, hawana la kufanya. Niliumia sana siku ile.

Dawa yake ni nyepesi: swali lenyewe liandike ndani ya msimbo. Programu za bure za kutengenezea misimbo hukuruhusu kuweka maandishi matupu badala ya anwani ya tovuti, na simu itayasoma bila bando wala mtandao. Ila swali liwe fupi. Maneno yakizidi vidoti hubanana, na kamera ya simu ya bei nafuu hushindwa. Chagua pia kiwango cha juu kabisa cha kusahihisha makosa; msimbo wa aina hiyo husomeka hata takriban asilimia 30 yake ikichafuka, mradi ile miraba mitatu ya pembeni isiguswe. Kwa kusi letu na vidole vya jasho, si jambo dogo. Na karatasi usiifunike kwa plastiki inayong'aa, jua litakunyima kusoma.

Simu tatu za walimu zinatosha darasa zima. Sharti langu ni moja: aliyeshika simu kituo hiki haishiki kinachofuata.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho ni majibu ya makosa. Chukua swali hili: ngazi ya mita 12 imeegemezwa ukutani, na pembe kati yake na ardhi ni nyuzi 60, inafika juu kiasi gani? Jibu ni 12 mara saini ya 60 (saini ni upande ulio mkabala na pembe ukigawanywa kwa upande mrefu, ambao hapa ni ngazi), yaani mita 10.4. Aliyetumia kosaini atapata 6.0, wa tanjenti 20.8. Namba zote tatu nimezibandika uwanjani, kila moja na msimbo wake. Wa 10.4 atakuta swali jipya. Wa 6.0 atasoma: "Huu ni umbali wa mguu wa ngazi kutoka ukutani. Tazama tena upande ulio mkabala na pembe." Wa 20.8 ataulizwa ngazi ya mita 12 itafikaje huko. Simsahihishi mtu mimi. Anarudi mwenyewe kwenye mchoro wake, na nimeona anayejisahihisha hivyo harudii kosa upesi.

Kundi moja lilinijia na hasi 3.7. "Mwalimu, ngazi imezama ardhini!" Kikokotoo cha simu kilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Tangu hapo, kabla ya kuanza, kila kundi hutafuta saini ya 30 mbele yangu, na isipotoka 0.5, hawaondoki.

Kituo ninachokipenda ni cha mwisho, mnazi ulio nyuma ya darasa. Hapo msimbo hautoi vipimo, unaagiza tu: pimeni urefu wake. Wana kipimapembe cha plastiki kilichofungwa uzi na nati, na kamba ya mita 15. Wakisimama mita 15 kutoka shinani, kilele wanakiona kwa nyuzi 38 hivi. Tanjenti ya 38 ni 0.7813, kwa hiyo wanapata mita 11.7 na kukimbilia karatasi yenye namba hiyo. Msimbo wake unauliza: "Mlipima mkiwa mmelala chini?"

Mara ya mwisho walikaa kimya kitambo. Kisha msichana aliyekuwa ameshika kipimapembe akaweka kiganja usawa wa jicho lake, akatazama chini hadi miguuni.

"Mwalimu," akasema, "mimi mwenyewe sikuhesabiwa."

Wakampima. Jicho lilikuwa mita 1.5 kutoka ardhini, na mnazi wetu ukawa mita 13.2.