Re: Kachomwa sindano ya joto, siku ya sita kimya

Habari ndugu, umesema ng'ombe kachomwa prostaglandini, ile sindano ya kumleta joto (hamu ya kupandwa), na leo siku ya sita hajaingia joto. Kwanza angalia joto lake la mwisho lilikuwa lini. Ile sindano inayeyusha kivimbe cha njano kinachobaki kwenye ovari yai likishatoka, sasa kikiwa kichanga, zile siku 5 za mwanzo baada ya joto, hakisikii dawa. Wangu alichomwa siku ya 3 baada ya joto, hela ikaenda bure, tukarudia baada ya siku 11, siku ya tatu baada ya sindano hiyo ya pili asubuhi nikakuta ute mwangavu unaning'inia mpaka kwenye mkia, dalili kwamba kaingia joto. Ila apimwe mimba kabla hujarudia, akiwa nayo itatoka, inauma sana hiyo. Na mjamzito asiishike kabisa hiyo dawa.