Maswali yenu kuhusu mkaa wa nyama choma: kuuchagua, kuupima na kuuweka mkavu

Masika yakianza, wachomaji wengi hupata shida moja: mkaa haushiki, ukishika unafuka moshi, na nyama inatoka na harufu isiyoeleweka. Tumechagua maswali yanayogusa wengi, na mwishoni kuna la msomaji aliyeko Marekani na jingine kutoka Lindi.

Kila muuzaji anasema mkaa wake ni mgumu. Nitautambuaje kabla ya kulipa? (Temeke)

Usitazame vipande vya juu ya gunia, hivyo hupangwa. Omba debe moja limwagwe chini, kisha chukua vipande viwili vya katikati ya rundo uvigonge. Mkaa ulioiva hulia kama kigae. Ukisikia mlio uliokufa, ama mti ni laini, ama mkaa una maji, ama haukuiva tanurini. Kujua ni lipi, vunja kipande. Ndani pawe peusi panapong'aa. Ukiona ukahawia katikati, moto wa tanuri haukufika moyoni mwa mti. Kipande hicho bado ni kuni nusu, kitafuka moshi unaowasha macho na kupaka nyama utomvu mchungu. Vipande vichache vya namna hiyo unaweza kuvichambua ukaviweka kando kwa jiko la nyumbani, ukiviwashia nje. Vikiwa vingi, achana na gunia hilo.

Pitisha kidole pia. Mkaa mgumu huacha doa dogo; unaochafua kiganja kizima na kumeguka kwa kubonyezwa ni mwepesi, utawaka kwa kishindo na kuisha nyama ikiwa haijageuzwa mara ya pili. Saizi nzuri ya kuchomea ni kuanzia yai hadi ngumi. Chenga zinazojaza viganja viwili kwa debe ni kawaida. Zikijaza sufuria, dai zibadilishwe, kwa sababu chenga huziba nafasi za hewa kati ya vipande na moto unazimia chini kwa chini.

Kama ana mizani, itumie. Debe la lita 20 la mkaa mgumu mkavu huwa na kilo 5 hadi 6 hivi. La mkaa mwepesi hukaa karibu na kilo 3 na nusu. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, haikusaidii kitu ikiwa ndani ni mkaa mwepesi.

Nilipata gunia zito nikadhani nimeopoa. Sasa mkaa unapasuka na kurusha cheche hadi kwenye nguo. (Tanga)

Uzito ule ulikuwa maji. Mkaa una matundu madogo yasiyohesabika. Maji yaliyoingia humo yakipata moto ghafla yanakuwa mvuke, mvuke unakosa njia, na kipande kinapasuka. Gunia la kilo 40 likiwa na maji asilimia 20, umelipia kilo 8 za maji, na jiko lako lazima liyachemshe yote kabla halijaanza kazi yako.

Kabla ya kununua tena, fanya jaribio hili: tia vipande vitatu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, ifunge, iache juani nusu saa. Jasho likitanda ndani ya kioo, mkaa umelowa. Ulio nao haujaharibika. Utandaze juu ya bati au turubai, vipande visilaliane, ugeuze mchana, uanue kabla ya umande. Siku mbili za jua kali zinatosha kwa vipande vya ngumi. Usiukaushe pembeni ya jiko linalowaka, kwani cheche moja tu inatosha kuuwasha.

Shikamooni. Tunakaa karibu na bahari, makaa yetu yanapata unyevu hata ndani ya stoo. Tuyahifadhi vipi? (Likoni)

Marahaba. Tatizo la pwani ni hewa yenyewe. Makaa hunywa unyevu wa hewani hata kama hayajaguswa na tone la mvua, na gunia likilala juu ya sakafu ya saruji linavuta pia unyevu wa chini. Hivyo tengeni mambo mawili: akiba, na makaa ya matumizi ya wiki.

Akiba ikae kwenye magunia juu ya kichanja cha mbao, angalau sentimita 10 kutoka chini, na nafasi ya kupitisha mkono kati ya gunia na ukuta. Makaa ya wiki yatieni kwenye pipa la plastiki au ndoo yenye mfuniko unaobana. Yaingie humo yakiwa makavu kabisa. Mkiyafungia mabichi, unyevu utabaki humo humo wiki nzima.

Kuna mawili zaidi ambayo watu husahau. Makaa hufyonza harufu, kwa hiyo yasikae stoo moja na mafuta ya taa, petroli au dawa za wadudu. Na makaa yaliyotoka tanurini karibuni yanaweza kujiwasha yenyewe yakirundikwa mapema. Gunia likija na joto au harufu ya moshi, libaki nje penye hewa, mbali na nyumba, saa 24 nzima kabla ya kuingizwa stoo.

Makaa ya mathenge yanafaa nyama choma, ama ni ya kupikia tu? (Marigat, Baringo)

Yanafaa sana. Mathenge ni mti mzito, makaa yake yanashika joto muda mrefu. Ni ndugu wa mti uitwao mesquite, ambao watu wa Texas wanauthamini kwa kuchomea nyama ya ng'ombe. Kwa kuwa mathenge imevamia malisho yenu, kuikata kwa makaa kuna faida kuliko kukata mgunga wa asili. Fuateni tu taratibu za kibali cha kusafirisha.

Kwa wanaouliza miti mingine: migunga, miti ya miombo na mivinje hutoa mkaa mgumu. Mwembe na msonobari mkaa wake ni mwepesi, unafaa kuwashia. Mkaa wa mikoko ni mgumu kweli, lakini hatumshauri mtu yeyote kuununua. Mikoko ndiyo inayoshikilia fukwe na mazalia ya samaki.

Nikiwasha kwa mafuta ya taa nyama inanuka. Kuna njia gani? (Morogoro)

Tafuta kopo kubwa la bati la maziwa ya unga. Toa kitako, toboa matundu kumi hivi kuzunguka chini, lisimamishe ndani ya jiko. Chini weka magunzi makavu au vipande vya kifuu cha nazi na karatasi mbili zilizofinyangwa, juu jaza mkaa. Washa chini. Moto unapanda wenyewe, huna haja ya kupepea. Baada ya dakika 15 hadi 20 vipande vya juu vitaanza kufunikwa na jivu jeupe; nyanyua kopo kwa koleo, mkaa umwagike jikoni. Usitumie kopo la rangi, wala mfuko wa plastiki kama kiwashio: moshi wake una sumu na unashika kwenye nyama.

Ukilazimika kutumia mafuta ya taa, yamwage kabla ya kuwasha tu, kamwe usiongeze juu ya mkaa wenye moto, na nyama isigusane na jiko mpaka kila kipande kiwe na jivu jeupe.

Nina wageni 40 na mbuzi. Mkaa kiasi gani? (Arusha)

Tukipiga gramu 400 za nyama yenye mifupa kwa mtu, ni kilo 16. Mbuzi wa vipande vikubwa anahitaji moto wa saa moja na nusu au zaidi, hivyo tenga kilo 1 ya mkaa mgumu kwa kila kilo ya nyama: madebe 3. Ingekuwa mishikaki, nusu ya hapo ingetosha, kwa sababu inaiva kwa dakika chache.

Kupima joto, weka kiganja pale nyama itakapokaa. Ukistahimili sekunde 2 au 3, huo ni moto wa mishikaki. Sekunde 5 au 6 ni moto wa mbavu na mguu. Mkaa usiutandaze sawasawa jiko zima. Rundika upande mmoja, upande wa pili acha kidogo au wazi. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, hamishia nyama upande wa baridi badala ya kumwagia maji, maana maji hurusha jivu lote juu ya chakula.

Na hapa ndipo wengi huharibu mbuzi mzuri: moto ukipungua, wanatupia mkaa mbichi chini ya nyama. Mkaa unaoanza kushika hutoa moshi mzito, na nyama yenye mafuta inaunasa. Weka jiko dogo pembeni, kila baada ya nusu saa koleza humo mkaa mpya, na uhamishe tu uliokwisha kuwa mwekundu.

Mkaa unaobaki tunauzima kwa maji. Mume wangu anasema nakosea. (Kahama)

Mzee yuko sahihi, mama. Maji hupasua udongo wa jiko na kurudisha unyevu tuliouhangaikia. Uhamishie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana. Ukikosa hewa unazima. Usiurudishe kwenye gunia kabla ya kesho yake, hata ukiushika ukauona umepoa. Siku ya kuutumia, changanya sehemu moja ya huo na mbili za mpya.

Mvua ikinyesha tunaingiza jiko ndani na kufungua dirisha. Mkaa ukishakuwa hauna moshi kuna hatari? (Njombe)

Ipo, na ni kubwa. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Dirisha moja halitoshi. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ndizo dalili za kwanza. Mtu akizipata, mtoeni nje kwenye hewa mara moja na mumpeleke hospitali. Chomeeni barazani penye pande mbili wazi, na jiko lisilale ndani hata kama moto unaonekana umezima.

Huku Houston nina jiko la peleti za mbao. Linazima katikati ya kazi na parafujo inayosukuma peleti motoni inakwama. Ni jiko au peleti? (Houston, Texas)

Kwa joto la unyevu la Houston, anza na peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu. Kinachoushikanisha kwa kawaida ni lignini ya mti wenyewe. Ikipata unyevu inavimba na kurudi kuwa unga, unga unajibana ndani ya bomba la parafujo, na mota inashindwa kuizungusha. Vunja peleti moja: nzuri ina uso unaong'aa na hukatika kwa mlio. Iliyofifia na kumeguka kimya, itupe.

Kulizibua jiko, chomoa umeme, komba peleti zote sandukuni, fungua boliti inayounganisha parafujo na mota, kisha izungushe kwa spana kinyume na uivute nje. Safisha bomba likauke kabisa. Halafu, kabla ya kuwasha tena baada ya moto kuzimika, fungua kikombe cha moto, pale peleti zinapowakia, uondoe zilizojaa humo. Ukiwasha zikiwepo, zinashika kwa pamoja na kuleta mlipuko wa ndimi za moto.

Mfuko wa ratili 20, yaani kilo 9, unaingia wote kwenye ndoo ya galoni 5 yenye mfuniko wa mpira. Usiache peleti sandukuni wiki nzima jiko likiwa nje. Chekecha vumbi la chini ya mfuko, maana linasonga kikombe. Peleti za majiko ya kupashia nyumba joto usizitumie kwa chakula. Huenda zina magome, msonobari au mbao ambazo hujui zimetoka wapi. Soma mfuko pia: mingi yenye jina la tofaa au mesquite ni mchanganyiko na mti wa bei nafuu. Kwa mbuzi, mesquite inaenda vizuri. Kwa kuku ni kali, chukua tofaa.

Mkaa wa chenga uliofinyangwa, unafaa? (Kisumu)

Kwa mguu wa mbuzi ndiyo, kwa mishikaki hapana. Uliofungwa kwa uji wa unga wa muhogo ni bora kuliko wa udongo, ambao huacha majivu mengi na kufunika moto. Udondoshe kutoka kiunoni, ukisambaratika, usinunue.

Naweza kutupia maganda ya korosho kwenye mkaa ili nyama ipate harufu? (Lindi)

Hapana. Maganda hayo yana mafuta yanayochoma ngozi, na moshi wake unaumiza macho na mapafu. Achana pia na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, mbao zenye rangi na mti wa mnyaa. Ukitaka harufu, tumia vipande vikavu vya mpera, mchungwa au mkwaju, viwili au vitatu vya ukubwa wa kidole gumba, uviweke mkaa ukishakuwa na jivu jeupe.