Hii get ya Kiingereza ilivonitoa jasho

Mwaka wangu wa kwanza kuendesha watalii nlikuwa naringa kweli na Kiingereza changu, form four nlipata B, na get naijua toka shule ya msingi, get ni pata, basi. Sasa siku hiyo tumetoka Ngorongoro tunaitafuta geti ya Naabi tuingie Serengeti, vumbi tupu, kruza inaruka ruka, mama mmoja mtu mzima siti ya nyuma akaniambia kwa sauti ya chini, "I've got to go." Nikamjibu kwa bashasha, "Yes mama, we are going!" Akanyamaza. Baada ya kama dakika kumi akarudia, nami nikaongeza mwendo kidogo ajue nimemsikia. Mara ya tatu ni mume wake ndo akanieleza waziwazi, kumbe mama wa watu alikuwa anataka kuchimba dawa, na pale tulipo ni nyika nyeupe, hamna hata kichaka cha kumficha sungura.

Tukafika Naabi kwenye vyoo salama lakini ile aibu niliibeba safari nzima. Usiku nikawaza, mbona na sisi tuko hivohivo? Mzungu aliyejifunza kwamba kuchimba ni kwa jembe na dawa ni ya hospitali, mpandishe basi la Mwanza, konda atangaze dakika tano za kuchimba dawa, si ataomba jembe? Na hiyo "piga" yetu je, tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, magoti, chafya, na hakuna hata mmoja aliyeumia.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu, futa kabisa ile get = pata uliyoandika kwenye daftari. Sio kwamba ni uongo, "I got a letter" ni nimepata barua kweli, ila itakudanganya mara nyingi kuliko itakavokusaidia. Na itakudanganya pande zote mbili. Sisi tunasema nimepata ajali, nimepata mtoto, af tunaenda kumwambia mgeni "I got an accident", "I got a baby". Wenyewe wanasema "I had". Dereva mwenzangu alitangaza kwa furaha "my wife got a baby", mgeni akauliza kamtoa wapi.

Kilichonifungua akili ni siku nlipoacha kutafuta maana ya get nikaanza kuangalia Kiswahili tunasemaje kwenye jambo hilohilo. Hapo ndo nikagundua get inafanya kazi ambayo sisi tunaifanya mwishoni mwa kitenzi au ndani yake kabisa. Angalia, sisi tuna choka, lewa, zeeka, konda, kasirika, neno moja limemaliza, ule mwendo wa kutoka hali moja kwenda nyingine tayari umo humo ndani. Mwingereza mara nyingi hana, ana tired, drunk, old, thin, angry, hayo ni majina ya hali tu yamekaa, hayatembei, so lazima ayafunge kamba ayavute na get: get tired, get drunk, get old. Ukimwambia "I am tired" umechoka tayari, "I'm getting tired" uchovu ndo unaingia. Kwa dereva hii sio mchezo, mgeni akisema "I'm getting sick" huku kashika tumbo paki pembeni haraka, ila akisema "I'm getting sick of this road" hakuna anayetapika, kaichoka tu barabara.

Ukishalishika hilo mengine yanajileta. Ile -wa yetu ya kuibiwa, kufukuzwa, kung'atwa, mtaani wao wanasema got robbed, got fired, got bitten. Ile -ana ya kuoana ni they got married. Na ile ya kumfanya mtu afanye, kumlaza mtoto, kumsainisha mtu, inakuwa get the baby to sleep, get him to sign. Unaona? Hii sio get moja yenye maana hamsini, ni kama mkia wanaouvalisha maneno ambayo hayana mkia.

Kuna moja hapo inawakamata wengi sana. Sisi tunasema nimenyoa, hata kama umekaa saluni kinyozi ndo kafanya kila kitu. Nikamwambia mgeni "I cut my hair", akaniuliza umewezaje kuona kisogo. Ukinyolewa na mtu sema "I got my hair cut". Hivohivo na gari, ukipeleka gereji sema "I got the car fixed", usijipe ufundi usio wako.

Sasa vile vineno vidogo vinavoifuata, up, over, through, by, hapa sina njia ya mkato, ni kuvizoea kimoja kimoja, tena ndani ya sentensi nzima uliyoisikia kwa mtu. Nlishawahi kuumia hapa. Mgeni ananieleza mbwa wake kafa wiki moja kabla ya safari, machozi yanamlenga, mimi nataka kumwambia pole, utavuka tu, nikasema "get over it, mama." Chakula cha mchana kililiwa kimya. Kumbe "get over it" ni kama kumwambia mtu acha kudeka, nlitakiwa niseme "you'll get through this". Kineno kimoja tu! Kwenye magari walau kuna kanuni inayosaidia: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni, meli, ni get on na get off, gari dogo unaloingia umeinama ni get in na get out. Na mgeni ukimsimulia kitu cha ajabu akakwambia "get out of here!" usishuke, anasema wee, acha bana!

Halafu kuna hawa wanaobishana got na gotten, eti gotten ni Kiingereza kibovu cha Wamarekani. Biblia ya Waingereza ya mwaka 1611 Hawa akimzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD", kwa hiyo Wamarekani walibeba tu kilichokuwepo, Waingereza ndo wakakiacha njiani. Kwenye mtihani andika got, na mgeni wa Texas muache na gotten yake.

Mi siku hizi natembea na kidaftari kwenye dashibodi, kila safari naandika get moja tu niliyoisikia, sentensi nzima, chini yake Kiswahili kama ambavyo ningemwambia mke wangu. Ya wiki iliyopita ni ya kijana mmoja tukiangalia simba, kaangalia kama saa nzima simba kalala tu hageuki, akasema "I get him." Nikaandika: namuelewa huyu jamaa.