Re: Nimemaliza mseto, kipimo bado kinasoma malaria, daktari kaandika sindano

Pole mkuu. Kabla hujachomwa hizo sindano, uliza umepimwa kwa kipimo gani. Kama ni mRDT, kile kibao cha mistari miwili, majibu hayo hayana maana sasa hivi. Kipimo hicho hunasa protini ya kimelea, HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Kukirudia baada ya dozi ni kupoteza hela, na daktari alipaswa kulijua hilo. Omba BS, damu isomwe kwa hadubini na vimelea vihesabiwe.

BS ikiwa safi na bado una homa, tafuteni chanzo kingine: mkojo, kifua. Ikiwa na vimelea, angalia ulivyomeza dawa ya mseto: vidonge 4 (mtu mzima), vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na jioni siku mbili, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta. Chai kavu haitoshi. Lumefantrini, moja ya dawa zilizo ndani ya mseto, hainyonywi vizuri bila mafuta. Ulitapika ndani ya nusu saa bila kurudia? Mwambie daktari.

Artesunate ya sindano ni ya malaria kali: degedege, kuchanganyikiwa, kushindwa kumeza. Ukiona hizo, usisubiri BS, kimbia hospitali.