Tengeru siku ya soko: inalipa, ila si kwa kila kitu

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyehamia Arusha juzi, anakaa Njiro na ana familia ya watu wanne, anafaidika kufunga safari mpaka soko la Tengeru, nje ya mji, kununua chakula cha wiki, au abaki na genge la mtaani. Nimekuwa nikienda pale tangu 2016, karibu kila Jumamosi, na mwanzoni nilipigwa vizuri tu. Jibu langu ni kwamba inalipa, lakini si kwa kila kitu utakachokiona.

Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi. Hizo ndizo siku wakulima wenyewe wanateremka na mizigo yao kutoka vijiji vya Meru. Ukienda siku nyingine utanunua kwa wachuuzi, na mchuuzi unaye tayari hapo mtaani kwako.

Safari yangu ya kwanza nilibeba ndoo nzima ya nyanya, lita 20, kwa sababu bei ilinichanganya. Juu zilikuwa zimepangwa kama picha. Nyumbani tulipozimwaga kwenye beseni, nusu ya chini zilikuwa zimepasuka na maji yanavuja. Tulichemsha nyanya usiku ule mpaka saa 6. Kosa halikuwa la muuzaji peke yake, maana watu wanne wanamalizaje ndoo ya nyanya kabla hazijaoza? Siku hizi nagawana ndoo na jirani, na kabla ya kulipa naomba imiminwe kwenye kikapu changu nikiwa nimesimama pale pale. Anayekataa kumimina ameshanijibu. Halafu uliza nyanya za ganda gumu. Hapo hapo Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, sasa kinaitwa TARI Tengeru, na mbegu ya Tengeru 97 ilitokea huko. Wakulima wengi wamehamia mbegu chotara, lakini ganda gumu bado ndilo linalovumilia safari na siku tano za jikoni bila friji.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo hela inapopotelea. Maharage, karanga na njegere utapimiwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4. Sado tano zinajaza debe. Kuna sado ambazo kitako kimegongwa kikaingia ndani, na kwa nje huoni kitu. Siku moja nilimwambia kijana mmoja, "Kaka, hebu niingize mkono kwenye sado yako kabla hujapima." Akanitazama, akacheka, akainama chini ya meza akatoa sado nyingine. Hatukugombana, na mpaka leo nanunua maharage kwake. Hakikisha pia anajaza mpaka kichuguu kisimame juu, ndiyo desturi. Anayefuta kwa kiganja akasawazisha anakupunja.

Kwenye ndizi ndiko safari inakojilipa yenyewe. Ninaye mama mmoja wa makamo, tumezoeana miaka sasa. Nikishamwamkia shikamoo na kuulizana habari za nyumbani, ananichagulia mwenyewe. Wakati fulani niling'ang'ania mkungu mkubwa wa mshare, ndizi za kupika, uliokuwa bei ya chini kuliko yote. Akaukamata, akanionyesha kidole kimoja cha ndizi: pembe zake zilikuwa kali, unaweza kuzihesabu kwa dole gumba. "Mwanangu, huu umeangushwa na upepo. Haujakomaa. Utapika mtori mpaka mkaa uishe." Akanipa mdogo, wenye ndizi za mviringo zilizojaa, kwa bei ya juu kidogo. Ule mtori uliiva vizuri. Kwa hiyo usinunue mkungu kwa ukubwa, pitisha kidole kwenye pembe za ndizi. Za kuivisha, kama kisukari, omba chana moja tu inayoanza kupiga njano na nyingine ya kijani kibichi, upate za leo na za keshokutwa.

Parachichi nazo usiziminye minye, mama wa watu atakufukuza na atakuwa na haki. Zile za kienyeji, kubwa, zitikise karibu na sikio. Kokwa ikigonga imekomaa. Aina ya Hass yenyewe inageuka nyeusi ikiiva, hivyo rangi inatosha kukuambia.

Viazi mviringo, karoti na kabichi chukua bila wasiwasi, mradi umenunua vya wiki mbili na si vya mwezi. Mchicha na mnafu acha kabisa. Jua likipiga ndani ya gari unafika na majani ya kulishia sungura, wakati mama wa genge lako anazo mbichi kila jioni. Vitunguu vingi vinatoka Mang'ola, kule Karatu, na vinapitia kwa madalali kabla ya kufika pale, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa ya bei. Mchele sijawahi kuona sababu ya kuufuata Tengeru.

Muda wa kufika watu wanabishana. Alfajiri ni saa za wanaonunua jumla, utasukumwa na mikokoteni na hakuna mwenye muda wa kukupimia sado moja. Jioni kuanzia saa 10 bei zinaporomoka kwa sababu hakuna anayetaka kurudi kijijini na mzigo, ila unachokuta ni makombo ya wenzako. Mimi nafika saa 4 asubuhi. Masika vaa mabuti, nimeshaacha kiatu kwenye tope la pale na sikukirudia.

Kuhusu kupatana bei: kwa mkulima aliyebeba mzigo wake kichwani sishindani kwa shilingi 200. Naomba nyongeza, karoti mbili tatu au ndimu, na mara nyingi anaongeza zaidi ya kile ambacho ningepunguziwa. Anayeshuka toka kwenye gari la mizigo na simu mbili mkononi, huyo patana naye mpaka mwisho.

Beba kikapu na kiroba chako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 utauziwa vile vifuko vya kitambaa kimoja kimoja, na ukirudi navyo sita umeshakula faida ya karoti. Mkungu ununue mwanzo ukiwa bado kuna wa kuchagua, uweke alama, uuache kwa muuzaji na uufuate ukimaliza. Na kama huna usafiri wako, kubaliana na konda bei ya mzigo kabla haujapandishwa juu ya kifodi, yaani daladala. Ukishapandishwa, bei anapanga yeye.