Kuisoma Japani Ukiwa Seoul: Ushauri kwa Anayefikiria Njia Hii

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro, binti aliyemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa, ambaye baada ya kuniamkia aliniuliza kama mtu anayetaka kuwa mtaalamu wa Japani atakuwa anapoteza muda akienda kusomea Korea Kusini. Swali lake limenikuta katika kipindi cha furaha, kwa kuwa tasnifu yangu ya uzamivu kuhusu uhusiano wa nchi hizo mbili imepitishwa mwezi huu, na watahini wamependekeza ichapishwe kuwa kitabu. Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu najua wako wengine wenye ndoto hiyohiyo ambao hawajapata wa kumuuliza.

Jibu langu, mdogo wangu, ni kwamba hupotezi chochote. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu mimi mwenyewe niliambiwa kinyume chake. Nilipoomba ufadhili kwa mara ya kwanza, mjumbe mmoja wa jopo la usaili alisema mbele ya wenzake kwamba Mwafrika anayekwenda Seoul kuisoma Japani atarudi na chuki ya kuazima badala ya elimu. Maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba bado yananiuma. Ufadhili ule sikuupata. Niliomba kwingine, nikaupata, nikaondoka. Mwaka wa kujifunza lugha nauruka, kwa maana kila aliyepita huko anaujua ulivyo.

Mwalimu aliyenisimamia alinianzishia mbali sana. Nilitarajia tungeanza na mwaka 1910, Japani ilipoitwaa Korea, lakini yeye alinipa kwanza shajara ya Shin Yu-han, katibu wa ujumbe wa kifalme uliotoka Korea kwenda Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1719. Ili kuelewa uzito wa safari ile, ni lazima kukumbuka kwamba kati ya 1592 na 1598 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yaliivamia Korea mara mbili, yakateketeza miji, yakakata pua za maelfu ya watu na kuzipeleka Japani kuwa ushahidi wa ushindi. Kilima zilimozikwa kipo Kyoto mpaka leo. Wafinyanzi wengi walichukuliwa mateka, na kaure ya mji wa Arita inayosifiwa duniani kuwa sanaa ya Kijapani ilianzia katika mikono yao. Hata hivyo, baada ya ukoo wa Tokugawa kushika madaraka Japani uhusiano ulirejeshwa, na kuanzia 1607 hadi 1811 Korea ilipeleka jumbe 12, kwa kawaida zenye watu mia tatu hadi mia tano, wa mwisho ukiishia Tsushima, kisiwa cha Japani kilicho karibu na Korea.

Tafakari maana ya jambo hilo kwa mwanafunzi. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, Wazungu pekee walioruhusiwa kukaa Japani walikuwa Waholanzi waliozuiliwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, ilhali Wakorea walipita Osaka na Kyoto, wakalala katika mahekalu, na kuandikiana mashairi kwa maandishi ya Kichina na wasomi wa kila mji. Shin Yu-han alistaajabia utajiri wa Osaka na wingi wa vitabu vyake, kisha akahuzunika alipokuta kumbukumbu za vita za waziri Yu Seong-ryong, zilizohusu siri za dola ya Korea, zimechapishwa huko na zinasomwa hadharani. Walipokuwa Kyoto, ujumbe ulikataa kwenda karamuni katika hekalu lililohusishwa na Hideyoshi, na Amenomori Hōshū, msomi wa Tsushima aliyejua Kikorea na aliyekuwa akiwasindikiza, akagombana nao vikali. Hōshū huyohuyo aliandika mwaka 1728 kwamba uhusiano na Korea ujengwe juu ya ukweli, bila kudanganyana wala kugombana. Nilipofika hapo katika usomaji nilielewa kwamba mtazamo wa Kikorea una karne kadhaa za uchunguzi wa karibu nyuma yake, na kwamba humo kustaajabu na kuumizwa vinakaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Yule mjumbe wa jopo hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa historia hii.

Siasa za Japani ya sasa nazo huonekana vingine kutoka Seoul. Katika masimulizi ya kawaida, tarehe 28 Aprili 1952 ndiyo siku Japani iliyorudishiwa mamlaka yake kamili, mkataba uliotiwa saini San Francisco mwaka 1951 ulipoanza kutumika. Korea haikuwa miongoni mwa waliotia saini. Siku hiyohiyo Wakorea laki kadhaa waliokuwa wakiishi Japani, ambao dola hiyo ilikuwa imewahesabu kuwa raia wake wakati wa ukoloni, walipoteza uraia na kuwa wageni katika miji waliyozaliwa watoto wao. Jumuiya zao zikagawanyika kati ya Mindan, iliyoanzishwa 1946 na kuelekea Korea Kusini, na Chongryon ya mwaka 1955 iliyoshikamana na Korea Kaskazini. Hadhi maalumu ya ukaazi wa kudumu waliipata mwaka 1991. Anayetaka kujua jamii ya Kijapani inamhesabu nani kuwa mwenyeji hatalipata jibu lote katika katiba na sheria za uchaguzi. Aende Tsuruhashi, Osaka, aone masoko ya Wakorea wa kizazi cha tatu na cha nne, wanaozungumza Kijapani cha Osaka na bado wengine wao hubeba pasipoti ya Korea Kusini.

Chukua pia mfano wa Itō Hirobumi. Ukisoma historia ya katiba pekee, utamfahamu kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani, mwaka 1885, na mmoja wa waandishi wakuu wa katiba ya Meiji ya 1889. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya yeni 1,000 iliyotolewa mwaka 1963. Ukiwa Seoul utamfahamu kuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa ulinzi ambao Japani iliulazimisha juu ya Korea, aliyepigwa risasi na An Jung-geun katika kituo cha reli cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909, na utapanda mlima Namsan uone ukumbi uliojengwa kumkumbuka aliyempiga. Ilipotoka noti mpya ya yeni 10,000 mwaka 2024 yenye sura ya Shibusawa Eiichi, anayeheshimiwa Japani kuwa baba wa biashara ya kisasa, magazeti ya Korea yalikumbusha kwamba sura hiyohiyo ilichapishwa mwaka 1902 kwenye noti za benki yake zilizotumika Korea. Mtu mmoja ana wasifu mbili, zote za kweli, na mtaalamu wa Japani asiyejua ule wa pili hajamjua Itō wala Shibusawa.

Nilikuwa Seoul Julai 2019, Japani ilipobana uuzaji wa kemikali tatu zinazohitajika katika kutengeneza vipuri vya kielektroniki na vioo vya skrini, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu ya Korea Kusini kuamua, Oktoba 2018, kwamba kampuni ya chuma ya Japani iwalipe fidia watu waliotumikishwa wakati wa vita. Serikali ya Tokyo ilishikilia kwamba madai yote yalimalizwa na mkataba wa 1965, ulioipa Korea msaada wa dola milioni 300 na mikopo ya dola milioni 200. Mahakama ilisema maumivu ya kutumikishwa hayakuwamo katika hesabu hiyo. Wananchi waligomea bia, magari na nguo za Kijapani. Mzee mmoja kwenye treni ya chini ya ardhi aliona kitabu cha Kijapani mikononi mwangu, akaniuliza kwa heshima kwa nini nakisoma. Nilipomweleza, alisema baba yake alichukuliwa kupelekwa migodini Kyushu, kisha akanitaka nisome kwa bidii, kwa sababu, kwa maneno yake, wasioijua Japani ndio waliomwacha baba yake achukuliwe. Sijakutana na mhadhiri aliyenieleza sababu ya fani yetu vizuri zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kusoma pande zote mbili, na wa pili ni kusoma pande zote mbili tena unapodhani umeshaelewa. Usiifanye Korea kuwa msahafu. Mtazamo wa Kikorea nao una mapengo yake, kubwa likiwa mazoea ya kuiona Japani kama serikali moja yenye nia moja, na dawa yake ni kuwatafuta Wajapani waliosimama upande mwingine. Wakili Fuse Tatsuji aliwatetea mahakamani Wakorea waliodai uhuru, na serikali ya Korea ilimtunuku nishani mwaka 2004, miongo mitano baada ya kufa. Mwandishi Yanagi Muneyoshi alilipinga kwa maandishi mwaka 1922 wazo la kubomoa Gwanghwamun, lango la kasri la kifalme la Seoul, wakati jengo la gavana mkuu wa Kijapani lilipokuwa likijengwa nyuma yake. Na ukizungumzia uhusiano mwema, usiishie kwenye tamthilia na muziki. Soma azimio la Rais Kim Dae-jung wa Korea Kusini na Waziri Mkuu Obuchi Keizō wa Japani la Oktoba 1998, ambamo Japani iliomba radhi kwa maandishi kwa mateso ya ukoloni, na Korea ikaanza mwaka huohuo kuondoa vizuizi vyake juu ya filamu na muziki wa Kijapani. Sisi Watanzania tuliomsikia Rais wa Ujerumani akiomba msamaha Songea mwaka 2023 tunaelewa, bila kufundishwa, kwa nini watu hupima kila neno la tamko kama hilo.

Kuhusu lugha sina huruma. Huwezi kuisoma Japani kwa macho ya Korea ukiwa na Kiingereza peke yake, kwa sababu utakuwa unasoma muhtasari wa watu wa tatu. Anza na Kikorea, kwa kuwa ndicho utakachoishi nacho, kisha ongeza Kijapani mara tu unapoweza kusoma gazeti. Lugha hizi zote huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, hutumia vijineno baada ya nomino, na zina misamiati mingi iliyotoka China, kiasi kwamba aliyeiva katika moja huipokea ya pili kwa wepesi ambao mimi sikuutegemea. Kisha jifunze herufi za Kichina bila kunung'unika, maana shajara, mikataba na barua za zamani za pande zote mbili zimeandikwa kwazo. Vijana wengi huniandikia wakitaka ufadhili kabla ya kutaka lugha. Ndugu zangu, milango hii hufunguliwa na kazi, na atakayekaa akisubiri barua ya ufadhili ndipo ashike kitabu atakuwa amechelewa.

Usisubiri kufika Seoul ili uanze. Kituo cha kitaifa cha Japani cha nyaraka za historia ya Asia kilifunguliwa kwenye intaneti mwaka 2001, na mtu yeyote husoma bure picha za barua za wizara na za jeshi. Kumbukumbu rasmi za wafalme wa Joseon, yaani ufalme wa zamani wa Korea, nazo zimewekwa mtandaoni na taasisi ya taifa ya historia ya Korea, zikiwa na tafsiri ya Kikorea cha leo. Chagua tukio dogo lenye mipaka. Ningekuwa wewe ningeanza na kisiwa cha Ganghwa, Korea: meli ya kivita ya Japani iliyopigana na ngome ya Wakorea Septemba 1875, na mkataba wa Februari 1876 uliofuata, ambao uliifungua Busan na bandari nyingine mbili kwa biashara na kuwaweka Wajapani waliokuwa bandarini humo nje ya mahakama za Korea. Soma taarifa ya nahodha, kisha soma lilivyoandikwa shambulio hilo katika kumbukumbu za mfalme Gojong, na uandike kurasa chache ukieleza kila upande ulijua nini siku ile na ulikiri nini baadaye. Kurasa hizo ndizo utakazoambatisha kwenye maombi yako.