Revolva inapiga juu? Weka tupa chini kwanza

Mkuu, umesema revolva yako ya .357 inapiga inchi 4 juu ya unapolenga kwa yadi 15, na saiti ya nyuma (saiti ni zile alama za kulengea juu ya bastola) umeshaishusha hadi mwisho wa skrubu. Sasa unataka kuichonga ile ya mbele. Usiiguse. Niko Houston mwaka wa tisa huu, na kosa hilo nimeshalifanya kwa mkono wangu.

Yangu ilikuwa .38 kuukuu, saiti ya mbele imeumbwa pamoja na mtutu, hakuna cha kuzungusha. Ilipiga juu inchi 2 hivi. Nikajisemea, risasi zinapanda, basi nipunguze kitu cha mbele zishuke. Nikaibana kwenye jiriwa, nikapitisha tupa kama mara ishirini. Jumamosi, uwanja wa shabaha, risasi tano zote zikatoboa karatasi nyeupe, nje ya duara jeusi kabisa. Mzee wa meza ya jirani akachungulia karatasi, akachungulia bastola, akauliza neno moja: "Umechonga?"

Angalia inavyokwenda. Unapolenga, jicho linataka ncha ya mbele iwe sawasawa na kingo za mfereji wa saiti ya nyuma. Ncha ikiwa fupi, mkono unainua mdomo wa mtutu mpaka ncha ifikie usawa huo, nawe huna habari. Kwa hiyo saiti ya mbele inakwenda kinyume na risasi: inapiga juu, weka ndefu zaidi, inapiga chini, hapo ndipo tupa ina kazi. Ya nyuma ndiyo inayofuatana na risasi.

Lakini kabla hujatoa hela, unapiga risasi za uzito gani? Kwenye revolva, risasi nzito kwa kawaida inapiga juu kuliko nyepesi. Najua inasikika kama kichekesho. Nzito inatoka polepole, inakawia ndani ya mtutu wakati teke la bastola limeshaanza kunyanyua mdomo. Mimi kutoka risasi za greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) kwenda 125 nilishuka karibu inchi moja na nusu bila kugusa chuma. Unapojaribu, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, siyo mtutu. Mtutu ukilalia kitu kigumu unadunda na kukudanganya. Halafu kuna namna ya kulenga. Bastola nyingine zimepangwa ulenge ukingo wa chini wa duara ili risasi iingie katikati. Wamarekani wanaiita kulenga "six o'clock", yaani ilipo namba 6 chini ya uso wa saa; kwetu hiyo ni saa kumi na mbili, na saa sita yetu iko juu, sasa mwelekeze Mbongo mgeni "saa sita" uone atakavyolenga mbinguni. Ukilenga katikati na bastola ya namna hiyo, lazima upige juu.

Ikiwa yote hayo umeyapitia na bado, piga hesabu. Pima kutoka saiti ya mbele hadi ya nyuma, zidisha kwa inchi unazokosea, gawanya kwa umbali wa shabaha, zote ziwe inchi. Yadi 15 ni inchi 540. Tuseme saiti zako zimeachana inchi 6: 4 mara 6 ni 24, gawa kwa 540, unapata inchi 0.044, yaani milimita moja na kitu kidogo. Inchi nne zote zile za karatasini zinatokana na milimita moja tu na kitu! Agiza saiti iliyozidi ya sasa kwa kiasi hicho au zaidi kidogo, maana ndefu unaweza kuipunguza au kuifidia kwa skrubu ya nyuma.

Umesema yako ni GP100, ile revolva ya Ruger. Nyingi za hizo saiti ya mbele inashikwa na kipini chenye springi upande wa mdomo: unakisukuma, saiti inatoka. Hakikisha matundu yote ya silinda ni matupu, vaa miwani, na ufanye kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki. Springi ile ikiruka kwenye zulia, umeagiza nyingine.

Ya kwangu ilibidi fundi aunganishe kipande cha chuma juu ya ile niliyoichonga, kwa kulehemu kwa fedha, akakiacha kirefu makusudi. Tukaenda nacho uwanjani: risasi tano, tupa mara mbili tatu, risasi tano tena. Ilipobaki nusu inchi chini ya kitovu akaninyang'anya tupa.

Pima umbali wa saiti zako uuandike hapa, na uzito wa risasi, tuhesabu kabla hujaagiza.